Kanga Niliyoianika

Zaina mwanangu,

Nakuandikia huku ukiwa kwa shangazi yako unasukwa nywele. Shangazi yako akishika kichwa cha mtu anashika na masikio yake, kwa hiyo najua ninayo alasiri nzima. Baba yako yuko shambani. Nimekaa mlangoni, daftari mapajani, peni mbili, maana peni zangu zina tabia ya kukata wino nikifika kwenye jambo la maana.

Mambo ya blanketi sikuandikii. Kwamba huko Bungu ulikopangiwa kazi kuna baridi, kwamba ukungu unaingia mpaka jikoni, kwamba ukisalimiwa kwa Kisambaa "onga makeo" asubuhi usikae kimya kama umemeza kijiko, hayo umeshaambiwa na kila mwenye mdomo hapa Kwedizinga. Hata wale ambao hawajawahi kupanda mlima wowote wamekufundisha namna ya kuupanda. Mimi nina jambo moja tu. Nimekuwa nalo kifuani tangu Jumapili, na nikisema ukweli nimekuwa nalo tangu ukiwa na miaka minane, ila zamani sikujua kwamba ni mzigo. Nilidhani ni nishani.

Ngoja kwanza nijisifu kidogo, nipate nguvu. Mtoto wa mhudumu wa zahanati, mwanamke wa darasa la saba aliyeanza kazi kwa ufagio na ndoo, kesho anakwenda kuwa nesi wa serikali. Jumapili kwenye sherehe ya kukuaga nilipiga vigelegele mpaka mama Saidi akaniambia, "Wewe mama Zaina, tuachie na sisi hewa kidogo." Nikamjibu, "Somesha wako, umpigie." Alicheka, lakini alihama kiti.

Halafu mjomba wako akakupa kipaza sauti akakuuliza mbele ya watu, kwa nini ulichagua kazi hii. Ukasimulia kile kisa. Nakijua kisa chako kuliko unavyokijua wewe, maana mimi ndiye niliyekupa. Kwamba asubuhi moja, kwenye ile zahanati ya zamani kabla hatujahamia huku, alikuja dada mmoja amebakwa, anatembea akishika ukuta. Kwamba mama yako hakumuuliza maneno mengi. Alimchemshia maji, akamwogesha kwa mikono yake kama anavyoogeshwa mzazi, akamfulia nguo zake, akamvisha kanga yake mwenyewe. Umekisimulia tangu darasa la pili. Walimu wako walikijua, wenzako wa bweni walikijua.

Jumapili ukasema nilimpokea. Ukasema nilimvisha kanga yangu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikasimama, nikapunga mkono kama mbunge.

Lakini nilisikia, Zaina. Hukutaja maji.

Miaka yote hiyo maji ndiyo yaliyokuwa utamu wa kisa. Ulikuwa unaonyesha kwa mikono jinsi nilivyokuwa nayapima kwa kiwiko. Jumapili ukaruka, kama mtu anayeruka dimbwi barabarani bila kulitazama. Nikakaa chini. Vigelegele vilivyobaki nikavimeza.

Kumbe unajua. Chuoni wamekufundisha. Tangu juzi najiuliza ulijua siku gani. Ulikuwa umekaa dawati la mbele kama kawaida yako? Mwalimu alipofika pale uliandika, au kalamu ilisimama? Uliiona sura yangu pale ubaoni? Na ulirudi likizo ukanisalimia, shikamoo mama, ukala ugali wangu, hukusema. Nimekustaajabia mwanangu. Sijui hekima hiyo umeitoa wapi. Kwangu haikutoka, mimi jambo halilali ndani yangu hata usiku mmoja.

Ila sasa ngoja nikuambie yote, pamoja na ambayo sikuwahi kukupa.

Dada yule simtaji jina hata kwenye karatasi hii. Alifika mapema, mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango. Nilimwona alivyo, nikajua. Unamjua mama yako: zahanati yetu ilisifika kwa usafi, na usafi ule ulikuwa mimi. Hakuna mtu aliyepita mlango wangu akiwa mchafu akabaki mchafu. Kwetu sisi, mtu aliyepatwa na jambo, iwe uzazi au msiba, anapokelewa kwa maji. Ndivyo bibi yako alivyonilea. Nikachemsha. Nikamwogesha kila mahali, na kila mahali nilipomgusa alikuwa anajikunja, nami nikawa namwambia, "Tulia dada, tulia, yanaisha." Sikumuuliza kama anataka. Sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni swali.

Nikachukua gauni na kanga yake nikaloweka, nikasugua kwa sabuni ya mche, nikasugua tena mpaka doa likaisha. Nilijivunia doa lile kuisha. Kisha nikaianika kanga kwenye kamba ya nje.

Siku ile ilikuwa siku ya kliniki, Zaina. Akina mama wamejaa na watoto wao wanasubiri mizani, na kanga inapepea mbele yao. Unajua wanawake wa kule walivyokuwa wakitia alama kanga zao zisichanganyike kisimani. Ya kwake ilikuwa imepindwa kwa uzi wa kijani, na hakuna mwingine aliyepinda kwa kijani. Mmoja akaniuliza, "Mama Zaina, fulani amelazwa? Mbona kanga yake umeifua wewe?" Nikamjibu kwa sauti yangu hii unayoijua, "Msiniulize. Yaliyomkuta ni makubwa. Nimemwogesha mwenyewe."

Nilidhani nimetunza siri. Maana sikusema neno lenyewe.

Kabla jua halijafika kichwani kijiji kizima kilikuwa kinalisema. Na yeye nilishamwambia aende kwanza akachukue fomu ya polisi ndipo atibiwe, kwa sababu miaka ile ndivyo tulivyodhani ni lazima. Alikwenda kwa miguu, amevaa kanga yangu. Dawa za kumkinga hakupata siku ile. Alipokuja kupimwa hapakuwa na kitu cha kupima. Mimi nilikuwa nimeshakimwaga nyuma ya choo na maji ya sabuni. Kesi haikufika popote. Mwanamume yule aliendelea kwenda mnadani na kusalimiwa. Dada yule akienda kisimani wanawake walikuwa wanamuuliza, "Kanga yako imeshakauka?" Halafu wanacheka. Baada ya mavuno akahama, akaenda kuishi kwa mjomba wake.

Mimi nikabaki na kisa changu kizuri, nikakirithisha kwa mtoto.

Sasa nikusimulie Korogwe. Ulikuwa chuoni, nilikuambia tu kwenye simu kwamba nimepelekwa mafunzo na tunakula kuku. Ilikuja barua kwamba kila zahanati itoe watu watatu wafundishwe namna ya kumhudumia mtu aliyebakwa: mganga mfawidhi anayeiongoza zahanati, nesi, na yule anayefungua mlango asubuhi. Ona hapo. Mfungua mlango aliandikwa kwenye barua! Nilivaa lile gauni la Idi.

Tulikaa kwenye ukumbi wa kukodi kule Old Korogwe, upande wa mtoni, wahudumu, manesi, madokta, mpaka walinzi wa getini. Mwalimu wetu alikuwa binti mwembamba kama mche wa muhogo. Nikamnong'oneza nesi wetu, "Ndiyo huyu? Huyu bado hajaacha kunyonya." Kumbe kasikia. Akanigeukia, "Shikamoo mama. Nimeacha, ila maziwa bado nayapenda." Ukumbi ukacheka, na mimi ndiye aliyenichagua wa kwanza.

Aliniambia niwe mgonjwa. Nitembee kuanzia mlangoni, nijifanye nimebakwa, natafuta msaada. Mlinzi akaniuliza, "Mama, una shida gani?" Nikasema. Mhudumu akaniuliza. Wa kuandika kadi akaniuliza, "Sema kwa nguvu, sikusikii." Nesi akaniuliza. Wa maabara akaniuliza. Zaina, ulikuwa mchezo! Wote wale tulikuwa tumekunywa chai pamoja. Lakini nilipofika kwa daktari sauti ilikuwa imekwisha. Mimi, ambaye nikiita kuku wa jirani wanakuja.

Mwalimu akauliza taratibu, "Mama, ungekuwa mgonjwa wa kweli ungefika hapa?"

Nikasema, "Ningerudi nyumbani tangu kwa mlinzi."

Yule baba aliyekuwa mlinzi, ambaye ni mlinzi kweli, akavua kofia yake akaishika mkononi, na hakuivaa tena mpaka tulipotoka. Nilipomwona vile nikawaza, sasa walewale wanaokuja kwetu, waliotoka Kwedizinga ndani huko, wakapita kwa mlinzi, wakapita kwangu, wakafika mpaka kwa dokta na kusema, hao wameumbwa kwa kitu gani? Miaka yote nilikuwa nawaita maskini. Kuanzia siku ile neno hilo limenitoka mdomoni. Mtu anayeweza kutembea safari ile si maskini. Mimi nilishindwa kwenye mchezo.

Siku ya pili tukafundishwa kushika mtu. Umenisikia? Madokta wazima wenye mvi wanafundishwa kushika mtu. Mwalimu alisema mkono usitangulie mdomo. Uombe kwanza, ungoje, ukijibiwa ndipo. Nikapangwa na Mzee Mhina, tabibu ambaye alikuwa ameanza kazi kabla sijavunja ungo. Akaniambia, "Mama, naomba kukushika mkono. Ukisema hapana, nitangoja."

Nikamjaribu. Nikasema, "Hapana."

Watu wakacheka. Mzee Mhina hakucheka. Alirudisha mikono yake mapajani, akangoja. Na ukumbi ukanyamaza, kwa sababu alikuwa anangoja kweli. Nimezaa watoto watano, nimefanyiwa upasuaji mmoja, nimechomwa sindano ambazo sijui hesabu yake. Tangu nizaliwe sijawahi kumwambia daktari hapana, na hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Mzee wa rika la baba yangu amekaa mbele yangu anasubiri ruhusa yangu kama mgeni aliyepiga hodi. Nikamwambia, "Haya, shika." Akaushika kama yai. Nililia, na sijui hata nililia nini. Nikafikiri lile neno nililokuwa nikimwambia dada yule, tulia, tulia.

Mchana ndipo ikaja habari ya nguo. Mwalimu alitandika karatasi safi sakafuni, akaonyesha mtu anavyovulia nguo zake juu yake, kila nguo inavyowekwa kwenye bahasha yake ya karatasi, siyo mfuko wa plastiki maana inaoza. Haifuliwi. Haikung'utwi. Na mtu asioge kabla hajatazamwa, isipokuwa mwenyewe akitaka, na aambiwe kwanza ni nini kitaondoka na maji.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama imeshafuliwa?"

"Mara nyingi mwenyewe huwa ameshafua, mama. Hatumlaumu."

"Na kama amefua mhudumu?"

Akanitazama. Nikasimama, mbele ya ukumbi mzima, nikawaambia. Kanga, kamba, uzi wa kijani, yote. Nilitegemea nitazomewa. Mzee Mhina akasema, kama anaongea na sakafu, "Na mimi nimewaambia wangapi walete fomu kwanza." Mwingine akasema lake. Mwalimu hakutukatiza. Jioni nikamfuata nikamwambia nataka kumtafuta yule dada nikamwombe radhi. Binti yule, mche wa muhogo, akaniambia, "Mama, ukimfuata utakuwa unampelekea mzigo wako akubebee. Fanya kazi vizuri. Akitaka, atakuja yeye." Umri wake hauzidi wako. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba yako, dunia imezaa watu ambao sisi hatukuwa na habari nao.

Akaja, Zaina. Hili hulijui.

Ilikuwa msimu wa kupalilia, asubuhi, nafungua mlango kama kawaida yangu. Amesimama na binti mmoja amejifunika, amemshika bega. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimjua kabla hajainua uso. Akasema, "Nimesikia mmefundishwa. Nimewaletea huyu." Salamu hakunipa.

Sikusema lolote la kwetu. Niliwakaribisha chumba cha ndani nikafunga mlango. Nikamwambia binti, "Pole. Umefanya vizuri kuja. Kosa si lako. Hapa hakuna atakayekugusa kabla hujakubali." Nikamwita nesi, binti akasimulia mara moja tu, kwa mtu mmoja tu. Dawa kwanza, maana zile za kukinga virusi hazingoji, zikipita siku tatu hazisaidii. Fomu ya polisi ilifuata baadaye. Binti akaniomba maji aoge. Mikono yangu ilikuwa imeshageukia jiko. Nikairudisha. Nikamwambia, "Maji yapo, na ni haki yako. Ukioga sasa hivi kuna vitu vitaondoka ambavyo vingeweza kukusemea mbele. Ukitaka, dokta akutazame kwanza, halafu nikuchemshie mwenyewe. Ukisema sasa, ni sasa." Akafikiri. Akasema, "Nitasubiri." Nikaona kabisa, mgongo wake ukanyooka kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyeamua.

Nilipotoka nje nilimkuta yule dada amekaa kwenye benchi, ameelekea nyuma ya jengo, kwenye kamba yetu ya nguo. Palikuwa na mashuka ya wodini mawili.

Akaniuliza, "Nguo zake umeziweka wapi?"

"Zimefungiwa kabatini. Funguo anayo nesi."

Akaitazama kamba. "Ndicho nilichokaa hapa kukitazama," akasema.

Nikasema, "Nilikukosea."

Akasema, "Ndiyo."

Basi. Hakusema si kitu, hakusema ulikuwa hujui, hakusema yamepita. Ndiyo. Halafu akaniomba maji ya kunywa, nikampa kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akamsubiri yule binti, wakaondoka. Zaina, katika maisha yangu nimesifiwa sana, sifa nyingine nimejipa mwenyewe, lakini sijawahi kupewa kitu kikubwa kama ile ndiyo. Aliniona kuwa mtu anayeweza kuambiwa ukweli.

Na ndiyo maana Jumapili niliumia. Wewe ulinisitiri. Uliyaruka maji ili mama yako asimame apunge mkono. Najua ni heshima, mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini kesho kutwa utakuwa na mganga mfawidhi, mtu mzima, mwema, atakayekosea mbele yako kwa mikono yake mizuri. Ukizoea kunisitiri mimi, utamsitiri na yeye. Na kosa tulilolifunika kwa heshima halikai kwetu, linakwenda kumlemea yule aliyekuja akishika ukuta. Umesoma kunizidi, hilo la dawa na vipimo sikufundishi. Hili moja nakufundisha kwa sababu nililipia mimi, na aliyelipia zaidi ni mwingine.

Kwenye begi lako, chini ya sweta, nimekuwekea kanga doti mbili mpya. Si zako. Ni za mtu atakayekuja kwako na nguo zake zikabaki kwenye bahasha, asirudi nyumbani na shuka la wodi watu wakamjua. Hazina alama yoyote. Nimezipinda mwenyewe kwa uzi mweupe, kama kanga za watu wote.

Nasikia sauti ya shangazi yako njiani, maana yake kichwa kimekwisha. Barua hii nitaiweka ndani ya kanga, usiku huu uitoe uisome kabla ya kulala. Kesho stendi, kabla hujapanda gari, nitakushika mkono. Nitaomba kwanza! Halafu nitakuuliza swali moja, nilikosea? Usinitazame usoni ukanionea huruma. Nijibu alivyonijibu mwenye haki ya kunijibu.

Na huko juu watakuuliza tena kwa nini ulichagua kazi hii, maana wageni huulizwa. Wasimulie habari za mama yako, nisifu hata ukitaka, nitafurahi, unanijua. Lakini safari hii simulia na maji.

Mimi mama yako,
mfungua mlango.